Abuela wa Nani?

Simu ya Gasana ililia tena juu ya meza ya kukatia vitambaa. Jina lililotokea lilikuwa moja tu: Abuela.

"Huyu Abuela ni nani?" Uwamahoro akauliza. Alikuwa anapimwa gauni la kuvaa harusini.

"Mama mwenye nyumba aliyopanga Gasana alipokuwa Uhispania," akajibu Yasmina, fundi na mchumba wa Gasana, pini mdomoni. "Ndilo jina lake."

Uwamahoro, aliyesomea Kuba, akageuka polepole.

"Si jina, sha. Kwa Kihispania abuela ni bibi."

Yasmina akazitoa pini. Pale mtaani kwao Rwezamenyo, ukisema bibi wa mtu, wengi wanaelewa mke.

"Bibi yake?"

"Oya, si mke. Nyanya. Ukimtaja kwa watu unasema mi abuela, nyanya yangu. Nyumbani unamwita Abuela tu. Mjukuu akizaliwa, nyumba nzima inamwita hivyo, hata mkwe."

"Basi mjukuu yupo."

Uwamahoro alivua gauni, akaaga.

Gasana alirudi kutoka madukani Muhima na mfuko wa lesi. Harusi yao ilikuwa Jumamosi.

"Abuela amepiga," Yasmina akasema. "Mjukuu wake ni nani?"

Mfuko ukabaki unaning'inia mkononi mwa Gasana.

"Nani amekwambia..."

"Nimeuliza mjukuu."

"Lucía," akasema kwa sauti ya chini. "Ni binti yangu. Mama yake alifariki akimzaa. Nyanya yake ndiye anamlea."

"Ulikaa mbele ya baba yangu. Akakuuliza kama una mtoto. Ukasema huna."

"Niliogopa mtanikataa."

"Ukaona bora umkane yeye."

"Yasmina, nakupenda."

"Sijauliza hilo. Lucía anajua unaoa?"

"Hapana."

"Piga. Nikiwa hapa."

Video ikafunguka. Mama mzee mwenye mvi, na nyuma yake msichana mdogo anakula chungwa. Yasmina akainama kwenye simu.

"Hola, Abuela."

Yule mama akamtazama, akasema maneno ya haraka kwa Kihispania.

"Anasemaje?"

"Anauliza wewe ni nani."

"Mwambie. Na mtoto asikie."

Gasana akaeleza. Msichana akaweka chungwa chini, akauliza kitu kimoja. Gasana akafunika uso.

"Amesema nini?"

"Anauliza kwa nini yeye hakualikwa."

Yasmina alivua pete, akaiweka juu ya lesi.

"Jumamosi hakuna harusi. Baba nitamwambia mimi mwenyewe. Ukinitaka, mlete binti yako na Abuela wake, ukae mbele ya wazee, useme ukweli."

"Na wakinifukuza?"

"Utafukuzwa ukiwa na mwanao."

Wiki nyingi hawakuonana. Mtaani walisema Yasmina ameachwa; yeye aliendelea kushona. Kisha ukaja ujumbe mfupi wa Gasana: "Tumefika. Tuko watatu."

Sebuleni kwa kina Yasmina, wazee walikuwa wameketi. Baba yake hakumwitikia Gasana salamu. Alimnyooshea kidole msichana aliyejibana kwa nyanya yake mlangoni.

"Huyu ni wa nani?"

"Ni wangu, baba. Nilikudanganya. Naomba msamaha."

Mzee akaweka kikombe cha chai chini. Yasmina alikuwa amesimama nyuma ya mtoto.

"Uongo wako umeniumiza," mzee akasema. "Ndoa tutaizungumza. Lakini kwanza mtoe huyo mtoto pale mlangoni, aje akae hapa karibu nami."