Kokoto za Kona ya Mwisho

Jumamosi asubuhi, kwenye kichochoro cha maduka ya vitambaa ambako watu hukanyagana kana kwamba nguo zinagawiwa bure, mikono miwili ilishika kipande kimoja cha mahameli ya kijani ndani ya kapu la mabaki.

"Achia, kaka yangu. Hiki ni cha kola ya mteja."

"Nimekishika kwanza, dada."

"Kwani wewe unashona nini?"

"Nashona mlima."

Mwanamke alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Alivaa gauni la rangi ya machungwa lenye mifuko miwili mikubwa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama mkufu, pini zimepangwa kifuani kama askari. Fundi cherehani, huna haja ya kuuliza. Mwanamume alikuwa na shati la kazi la reli lililofuliwa hadi rangi ikakimbia, vifungo vimefungwa mpaka kooni, ingawa kazi yenyewe ilishakufa.

"Mlima unashonwa?"

"Wangu unashonwa. Una reli chini yake."

Akamweleza. Miaka ishirini na sita alikuwa mtoa ishara kwenye stesheni ndogo ya mwisho wa njia. Kisha wakubwa wakaketi kwenye chumba chenye kiyoyozi, wakagonga muhuri, reli ikafa. Sasa anaijenga upya mezani, sebuleni kwake, na treni inaenea kiganjani. "Hii hawaifungi," alisema.

Mengine hakuyasema. Kwamba zahanati ya reli ilifungwa siku hiyohiyo, na mkewe aliyekuwa akitibiwa pale hakumaliza mwaka. Mazikoni hakuja mkubwa hata mmoja, hata wa kuchelewa akisingizia foleni.

"Tukate nusu kwa nusu," fundi alisema. "Lakini nije niuone huo mlima."

Basi Jumamosi zikapata mwenyewe, fundi akawa haikosi hata moja. Meza ilijaza sebule kutoka mlangoni hadi dirishani, unaingia kwa ubavu. Ukutani ilining'inia pete ya chuma, pana kama sahani, yenye kipande cha shaba.

"Na bangili hii ya jitu?"

"Hicho ni kibali cha njia. Reli ni moja, treni ni mbili. Dereva nisiyempa hii haingii, hata awe amebeba waziri."

Katikati ya wiki fundi alipiga simu kila saa ya chakula cha mchana.

"Bwana Treni, wikendi hii ratiba ikoje?"

"Asubuhi tunapaka rangi mataruma, zile mbao za chini ya reli. Mchana unashona miti. Jioni tunajaribu taa za stesheni."

"Na chai?"

"Chai ipo, mpenzi."

"Umesema nani?"

"Nimesema... chai ipo."

Jumamosi ya tano mwanamume alitoka kununua balbu. Fundi akabaki akishonea ukingo wa mlima, na jicho lake la usafi likaangukia kona ya mwisho, kabla ya stesheni. Kokoto ndogondogo zilikuwa zimelala kati ya reli, hazikugandishwa kama za kwingine. Ukipiga chafya zinahama. Akachukua brashi laini, akafagia kona ikang'aa. Alitaka kumfurahisha.

Mwanamume alirudi. Balbu zikamponyoka.

"Umefanya nini?"

"Nimekusafishia, mpenzi. Palikuwa na..."

"Nani kakutuma? Ninyi wote ni wamoja! Mnakuta kitu cha mtu, mnakiita taka, mnafuta!"

"Sisi nani?"

"Wewe na wakubwa!"

Fundi alisimama, akatwaa mkoba wake. "Mimi ninayeshona mpaka mgongo unalia, leo nimekuwa mkubwa? Haya. Hujanipa hata nafasi ya kumaliza sentensi. Baki na stesheni yako."

Mlango ukafungwa.

Fundi hakujua, kwa maana hakuambiwa. Kokoto zile marehemu alizichekecha kwa chekeche ya unga, mgonjwa, ameegemea mto, kisha akazilaza mwenyewe kwenye kona kwa kijiko cha chai. Ilibaki gundi tu. Miaka mitatu mwanamume hakuimwaga. Meza haikusogezwa, dirisha la upande ule halikufunguliwa.

Jumatano binti yake alipiga simu.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Na yule mama wa miti, mbona humtaji?"

Akasimulia yote, akitegemea kuonewa huruma.

"Baba, mama alikuuliza mara ngapi utaigandisha lini ile kona?"

"Nilikuwa nasubiri..."

"Unasubiri nini? Alitaka kuiona treni ikipita. Hilo nalo walilizuia wakubwa?"

Simu ilipokatika, alibaki ameikodolea macho meza. Kwa mara ya kwanza alitafuta mkubwa wa kumlaumu, asimpate. Reli ile ilikuwa na mkubwa mmoja tu, naye alikuwa amevaa shati lililopauka.

Akabonyeza namba.

"Haloo, nani?" Nyuma ya sauti cherehani ilinguruma.

"Mimi."

"Mimi yupi? Huku hatupokei wakubwa bila miadi."

"Nimekosa, fundi. Zile kokoto ni za marehemu mke wangu. Alizichekecha mwenyewe, kitandani. Sikukuambia."

Cherehani ikanyamaza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ukijua hutarudi."

"Ee Mungu, mwanamume huyu! Ungeniacha nimalize sentensi ungelala usingizi tangu Jumamosi. Ninazo."

"Unazo nini?"

"Kokoto! Fundi hatupi alichofagia kabla hajakipitishia sumaku. Nilidondosha pini nikishona mlima wako. Ziko kwenye kopo la nyuzi, humu mkobani. Nilitaka kukwambia, ukaanza kunihutubia."

Mwanamume aliketi sakafuni, simu sikioni.

Jumamosi fundi alikuja na gauni la bluu la mikunjo, kilemba cha rangi hiyohiyo, na kopo mkononi.

"Pini nne nimezitoa. Kokoto haijapungua hata moja." Akazimimina kwenye sahani, akaziangalia kwa jicho la kazi. "Alikuwa na mkono mwepesi. Zote saizi moja. Ningemwajiri."

Mwanamume alicheka, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko.

Wakazirudisha kwa kijiko kilekile. Mwanamume akachanganya gundi nyeupe, maji na tone la sabuni, akavuta kwa bomba la sindano. Tone la kwanza likatoka kubwa mno. Fundi akamshika kifundo cha mkono.

"Tone. Tena tone. Usiharakishe, si unajua kusubiri wewe?"

"Unanisema."

"Nakusema, ndiyo."

Walipomaliza, mwanamume alijifuta mikono. "Inakauka siku nzima. Itabidi urudi kesho."

"Hiyo ni gundi au ni mtego?"

"Vyote viwili."

Jumapili kichwa cha treni kilivuta mabehewa matatu, kikaukata mlima wa mahameli, kikaingia kona ya mwisho bila kuyumba, kikasimama stesheni chini ya taa mbili ndogo. Hawakupiga makofi. Mwanamume alitoa ile pete ukutani.

"Aliyeshika hii ndiye mwenye njia, mpaka airudishe."

"Na nisipoirudisha?"

"Hakuna treni nyingine itakayoingia."

Fundi akaijaribu, ikapitiliza mkono mpaka begani. "Wenzangu huvishwa pete za vidole, mimi ya bega!"

"Unasemaje, fundi?"

"Nasema cherehani yangu inataka mwanga. Pale dirishani."

"Meza haisogezwi," mwanamume alisema kwa mazoea. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Akaenda upande wake, akainama, akashika mguu wa meza. "Shika huko."

Wakaisogeza hatua nzima. Kokoto hazikuhama.