Bamia za Fakhriya

Kila alfajiri Mizhir humwagilia bamia nyuma ya nyumba, kisha huchuma zilizokua. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, Fakhriya. Alizipanda mwenyewe, akafariki kabla hazijatoa maua.

"Baba, tuzile tu, zitakomaa," alisema binti yake, Badriya.

"Hatuzili zote. Mwaka ukitimia, watakaokuja kumwombea mama yako watakula bamia za mkono wake."

Basi Mizhir akazianika juu ya paa kwenye jua kali. Alipoona vumbi linakuja, akazikusanya zikiwa bado moto, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga. Maskini, alidhani anazitunza.

Siku alipoufungua, uvundo ulimpiga usoni. Zote zimeota ukungu. Mizhir aliketi chini akalia. Aliona kama anamzika mkewe mara ya pili.

Jirani yao, Mama Nadhim, alisikia kilio akaja.

"Baba Badriya! Hata kiatu kilicholowa hukifungii kwenye mfuko, sembuse bamia?"

"Fakhriya ndiye aliyejua."

"Yeye alijua kuanika, wewe ulijua kula. Haya, inuka. Bustanini zimebaki?"

"Kidogo. Za mwisho."

"Kidogo si haba."

Wakachuma zilizo changa tu, maana zilizokomaa zina nyuzi. Wakaziosha, wakazifuta maji. Wakazitunga kwenye uzi bila kuzibananisha, wakazitundika kivulini penye upepo, wakazifunika kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi na vumbi. Usiku waliziingiza ndani.

"Nitajuaje zimekauka?" aliuliza Mizhir.

"Vunja moja. Ikilia ta! tayari. Ikipinda, bado. Ziache zipoe kabisa, ndipo uzitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Wiki ya kwanza zichungulie kila siku. Ukiona jasho kwenye kioo, zirudishe nje."

Mizhir alizichungulia mpaka Badriya akamtania, "Baba, hazitoroki!"

Mwaka ulipotimia, chupa ilifunguliwa. Hapakuwa na ukungu wala harufu mbaya. Badriya aliziloweka, akazipika na nyama ya kondoo na nyanya. Zilitosha sufuria moja ndogo. Kila mgeni alionja kidogo, akamwombea marehemu.

Mizhir alishika tonge, hakuweza kulipeleka kinywani.

"Kula, Baba Badriya," alisema Mama Nadhim polepole. "Alikupandia wewe."

Akala, huku analia.