Mwenye Televisheni na Mwenye Gemu

Soko la Kongowea siku ya Jumapili halina adabu. Mchuuzi hukupigia kelele sikioni, mkokoteni hukugonga kisigino, na aliye nyuma hukusukuma kana kwamba wewe ndiye uliyemchelewesha. Nadira alikuwa amefuata kitambaa cha pazia tu. Buibui lake lilikuwa na nakshi za fedha mikononi, mtandio wa zambarau umemteleza kidogo, naye alikuwa akipita kando ya turubai la vyombo vya umeme vilivyochakaa aliposikia mwanamume akimhoji muuzaji.

"Hii yasoma sidii, au ni ya kupamba kabati?"

"Yasoma, bosi. Mali safi hiyo."

Kilichokuwa mkononi mwa yule mwanamume ni mashine ya gemu, ya kijivu, ya zamani, padi zake mbili zimesokotana nyaya.

"Ikikataa kusoma, ipindue juu chini," Nadira akasema, kabla hajauzuia ulimi wake.

Mwanamume akageuka. Shati la kitani, ndevu zilizochongwa, na jicho la kushoto lile lile linalofumba kidogo kabla ya kicheko. Taufiq wa Mzee Mwinyihaji.

"Nadira. Wallahi hakuna mwengine Mombasa nzima awezaye kuniingilia biashara hivi."

"Na hakuna mwengine awezaye kuuziwa mzoga akashukuru. Hujambo wewe?"

Alikuwa hajambo. Alikuwa fundi wa viyoyozi, akizunguka hoteli za Nyali, na alikuwa hajaoa. Hili la mwisho hakuulizwa, alilitoa mwenyewe. Nadira naye akasema anauza katika duka la dawa Kiembeni. Hakusema kwamba bwana mmoja wa Nyali, Mahfudh, alikuwa amempelekea posa, mtu mwema asiye na dosari ya kuitaja, na kwamba watu wake walikuwa wanarudi Ijumaa kuchukua jibu. Wakapeana namba za simu. Nadira alifika nyumbani Bakarani bila kitambaa cha pazia.

Zamani hapo Bakarani nyumba zao zilipakana ukuta. Kina Nadira walikuwa na televisheni, moja ya zile zenye mgongo uliofura. Kina Taufiq hawakuwa nayo, ila mjomba wake baharia alimletea mashine ya gemu kutoka Jeddah. Basi mwenye gemu hakuwa na pa kuichomeka, na mwenye televisheni hakuwa na cha kuchomeka. Kila siku baada ya Alasiri, chuo cha Kurani kikiisha, Taufiq alibisha hodi na kikapu cha ukindu begani, mashine imo ndani imefunikwa leso kama mtoto mchanga. Bi Johari, mamake Nadira, alimruhusu kwa sharti mlango wa ukumbini uwe wazi.

Walicheza mpira, walicheza magari. Waya wa manjano ulikuwa umelegea, kwa hivyo mmoja alilazimika kuushika kwa kidole ili picha isikimbie, na wakagombana kila siku ni zamu ya nani. Nadira alikuwa mkali. Akimfunga Taufiq bao, alikwenda kumtangazia mamake jikoni, palipokuwa pakinukia iliki na kaimati. Lakini utamu wenyewe ulikuja umeme ulipokatika. Waliketi wakingoja urudi, padi mapajani, wakizungumza yale ambayo watoto huyazungumza wakiwa hawana la kufanya. Nadira alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakujua jina la alichokuwa akikihisi, ila alianza kuomba umeme ukatike.

Kisha siku moja lilipita boksi kubwa juu ya mkokoteni likaingia kwa Mzee Mwinyihaji. Alasiri ile Taufiq hakuja. Wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Mvulana haingii nyumba ya watu bila sababu, na Nadira akaelewa kwamba sababu imekwisha: wamenunua televisheni yao. Kumbe kilichokuwa kikifuatwa ni mgongo wa televisheni, si yeye. Hakulia. Alikasirika, na hasira ya mtoto ikiachwa bila kuguswa hukua naye. Baadaye kina Taufiq walihamia Utange, na ndiyo ikawa basi.

Usiku wa Jumapili ile simu ikalia.

"Nimeipindua juu chini," Taufiq akasema. "Yasoma."

"Nilikwambia."

"Ulinikumbuka, Nadira?"

"Nikukumbuke wewe, uliyekuwa ukifungwa mabao hadi nakuhurumia?"

"Nilikuwa nakuachia, kipenzi."

"Muongo wewe. Na kipenzi ni nani?"

Jumatatu wakazungumza tena, Jumanne wakazungumza mpaka simu ikapata moto. Nadira alikuwa akicheka peke yake mbele ya wateja. Jumatano akaona bora aulize, maana Ijumaa ilikuwa karibu na hakutaka kuibeba hasira ile kwenye ndoa ya mtu mwengine, wala kuitupa bila kujua.

"Taufiq, mbona uliacha kuja kwetu?"

Kicheko kifupi, kikavu.

"Ah, utoto huo. Tulikua, basi."

"Hilo ndilo jibu lako?"

"Nadira, mambo ya zamani ya nini sasa?"

"Ahsante. Nimekuelewa."

Akakata simu, akaizima kabisa, akaenda moja kwa moja jikoni. "Mama, watu wa Nyali waambie waje. Nitawapa jibu zuri." Bi Johari akamtazama, akaona macho mekundu, akaamua asiwapigie kwanza.

Alhamisi adhuhuri, Sumeya, dadake Taufiq, akaingia duka la dawa na kanga mbili na jazba. Hakununua hata panadoli.

"Umemfanya nini kaka yangu? Hali, hasemi, ameikumbatia ile takataka ya Kongowea."

"Muulize mwenyewe. Alikuwa akija kwetu kwa ajili ya tivii. Mlipopata yenu akatusahau."

"Tivii gani? Kwetu hakujaingia tivii hadi leo."

"Niliona boksi, Sumeya."

"Friji lile." Sumeya akaketi juu ya katoni ya dawa. "Kumbe hujui, mimi peke yangu aliniambia. Baba alitaka kununua tivii. Taufiq akaona tukiwa na yetu, hatakuwa na kisingizio cha kuja kwenu. Akamwambia Baba kuwa tivii hufukuza malaika nyumbani. Baba machozi yakamtoka, mwanawe ana ucha Mungu namna hii! Akanunua friji. Kisha akafikiri, akasema, kama tivii ni balaa, na hiki kinachochezewa ndani yake je? Akaipeleka ile gemu Malindi kwa binamu. Na kwa kuwa mtoto ni mcha Mungu, akamtia darasa la kuhifadhi Kurani kila Alasiri."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alijichimbia akiwa na miaka kumi na mitatu. Nadira alitaka kucheka, akajikuta anafuta machozi kwa kipande cha pamba. Alikuwa ametakiwa. Miaka yote ile aliyojiona kuwa ni mtu anayeishi tu palipo na televisheni, alikuwa ametakiwa.

Akawasha simu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje? Kwamba nilimdanganya baba yangu kwa jina la dini, nikakupoteza?" Sauti ya Taufiq ilikuwa chini. "Niliona haya. Ningali naona haya."

"Baba yako anajua?"

"Nilimwambia leo alfajiri. Kanikemea nusu saa nzima. Halafu akaniuliza, huyo msichana ameolewa?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sijui. Nadira, waniuliza kama nani?"

"Kama mtu anayeulizwa jibu la posa kesho na watu wengine. Ukija, njoo leo, na njoo na mkubwa."

Jioni Bi Johari alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho. "Na watu wa Nyali niwaambieje?"

"Waambie ukweli, Mama. Mahfudh ni mtu mwema, moyo wangu ndio haumo. Nitaomba radhi mwenyewe ikibidi."

Bi Johari akapiga simu ile ngumu, akaipiga kwa heshima, kisha akamwita Ami Abubakar, nduguye marehemu mumewe.

Baada ya Isha Mzee Mwinyihaji akaingia, kanzu imepigwa pasi, mkongojo mkononi, akasema alilolijia. Ami Abubakar akasogea hadi penye pazia la chumba cha ndani.

"Nadira."

"Abee, Ami."

"Taufiq bin Mwinyihaji amekuposa. Wajua desturi, mwanangu. Ukinyamaza tu, tutajua umeridhika."

Nadira alikuwa amekwisha kunyamaza vya kutosha. Akasogeza uso karibu na pazia, akasema kwa sauti iliyofika ukumbini, ikavuka mlango uliokuwa wazi mpaka nje, ambako Taufiq alikuwa amesimama gizani akingoja.

"Nimeridhika, Ami. Naye asikie."