Sahihi ya Arobaini na Moja

Kila siku nikitoka shule nilibadilisha viatu, nikabeba madumu mawili, nikavuka barabara kwenda kuchota maji mjini. Mji wenyewe haukuwa mbali. Mpaka wa jiji la Tarlow ulipita katikati ya barabara yetu. Upande wa pili watu walimwagilia bustani kwa maji ya bomba. Upande wetu wa Pinder kila nyumba ilikuwa na kisima chake na shimo lake la choo, na kwa miaka mingi vitu hivyo viwili vilikuwa vimeanza kufahamiana. Watu wa afya walipopima kisima chetu walituambia tusinywe. Mdogo wangu Micah alikuwa amekwisha kulazwa mara mbili kwa ajili ya tumbo.

Nilichota kwenye bomba la nje la kanisa. Tobias, niliyesoma naye darasa moja, aliishi jirani na hapo, na hakuchoka kunitania.

"Jonelle, siku mkipata bomba mikono yako itafanya kazi gani?"

"Itavuta masikio yako," nilimjibu, lakini sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na tayari mgongo uliniuma kama wa mtu mzima.

Mama alifanya kazi za zamu katika kiwanda cha kuku, kwa hiyo aliyetulea hasa ni Bibi Odessa. Yeye ndiye aliyeongoza kamati ya Pinder, na mwaka ule tulikuwa tunaliomba jiji litupokee kwa mara ya nne. Jiji haliongezi ardhi kwa kuombwa kwa mdomo. Kwanza theluthi mbili ya wenye viwanja watie sahihi. Kisha mhandisi apige hesabu ya mabomba, wananchi wasikilizwe, na mwisho madiwani saba wapige kura. Pinder ina viwanja sitini na kimoja, kwa hiyo tulihitaji sahihi arobaini na moja.

Magoti ya Bibi yalikuwa mabovu, basi fomu niliizungusha mimi, nyumba kwa nyumba. Watu walitia sahihi kwa uchovu, bila hata kuuliza. Bwana Tull, jirani yetu, ndiye aliyekataa waziwazi.

"Mjini hawaruhusu jogoo," alisema, "na kodi itapanda. Mwambie Odessa nimekataa kwa mara ya nne."

Watu hawakumpenda Bwana Tull. Ombi la tatu, mwaka niliozaliwa, lilitupwa kwa sababu ya sahihi moja ya uongo, na Pinder nzima iliamini kwamba yeye ndiye aliyeichomeka ili kutuharibia. Baada ya hapo watu walikata tamaa. Ilichukua miaka kumi na miwili mtu kuthubutu kushika fomu tena.

Nilipofika sahihi ya arobaini nilikwama. Wenye viwanja wengine walikuwa wamehama au hawakufungua mlango, na kiwanja pekee kilichobaki cha kutumainia kilikuwa cha marehemu Lemuel, kaka yake Bibi. Alikufa bila kuandika wosia, kama wazee wengi wa kwetu ambao hawakuwaamini mawakili, na kiwanja kikawa cha wanawe watatu kwa pamoja. Lazima watie sahihi wote watatu. Wawili walikwisha kutia. Wa tatu, Mjomba Curtis, aliishi Detroit, na hakujibu barua wala simu.

Jumapili nilimkuta Bibi amesinzia kitini, simu iko mapajani. Nilimhurumia. Nikachukua kadi ya zamani ya Krismasi aliyoituma Mjomba Curtis, nikaiga jina lake polepole mpaka likafanana. Nilijiambia hakuna ubaya, ni mambo ya ndani ya ukoo. Kwetu dada humsemea kaka, na shangazi humsemea mpwa.

Jumatatu nilimpelekea fomu Bi Haskins, karani wa jiji. Alihesabu kwa ncha ya kalamu.

"Arobaini na moja. Vizuri, binti. Kesho naanza kuwaandikia wenyewe kuhakikisha."

"Wote?"

"Wote. Ikitokea moja ya uongo, ombi zima linatupwa, na hamruhusiwi kuomba tena mpaka miaka miwili ipite. Mnakumbuka ya mara ile."

Siku hiyo madumu yalikuwa mazito kuliko siku zote. Jioni, Bibi alipokuwa akinipakulia maharage, nilishindwa kuvumilia.

"Bibi, Mjomba Curtis hakutia sahihi. Ni mimi niliyeandika."

Bibi aliweka upawa chini. Hakunipiga wala kunikaripia. Uso wake ulikuwa umechoka kuliko nilivyopata kuuona.

"Curtis," alisema. "Kati ya watu wote, Curtis." Kisha akaongeza, "Kesho kabla ya shule tunakwenda kwa Bi Haskins. Utasema mwenyewe."

Nilisema mwenyewe. Bi Haskins alivuta mstari mwekundu juu ya jina.

"Kwa kuwa umekuja kabla sijaandika barua, ombi linabaki hai," alisema. "Lakini mmebaki arobaini. Mna mpaka Ijumaa saa kumi na moja jioni."

Bibi alirudi nyumbani, nami nikaenda shule. Jioni nilipiga simu Detroit. Haikupokelewa, nikaacha ujumbe: "Mjomba Curtis, mimi ni Jonelle, mjukuu wa Odessa. Niliandika jina lako kwenye fomu ya maji bila ruhusa. Nimekwenda kulifuta. Sikuombi kitu, nilitaka tu ujue."

Haikupita saa moja, simu ikalia. Nilifungua kipaza sauti ili Bibi asikie.

"Wewe ni wa pili," alisema Mjomba Curtis. "Kuna mtu aliwahi kuiba jina langu. Jiji likaniandikia barua, nikajua kuna anayetaka kula ardhi ya baba. Tangu siku hiyo karatasi yoyote ikitoka Pinder naitupa. Angalau wewe umesema. Yule Tull hajasema mpaka leo."

Bibi alinyoosha mkono nikampa simu.

"Curtis, ni shangazi yako. Hakuwa Tull. Ni mimi."



"Nilikufuta kamasi ulipokuwa mdogo," Bibi aliendelea, "nikadhani hata jina lako ni langu. Lilipogundulika niliona aibu. Watu waliposema ni Tull, nikanyamaza."

"Miaka kumi na miwili, Shangazi."

"Najua. Nisamehe."

Simu ilikatika. Nikajua yamekwisha. Bibi alikuwa akiyatazama madumu yaliyokuwa mlangoni.

"Kila dumu ulilobeba, mjukuu wangu, nimekutwisha mimi," alisema, na machozi yakamtoka. Mimi nilimkasirikia. Nilimkasirikia siku mbili nzima, na sioni haya kulisema.

Alhamisi Bibi alijikokota mpaka ugani kwa Bwana Tull akamweleza yote. Bwana Tull alisikiliza, jogoo wake chini ya kwapa.

"Kumbe ndiyo maana miaka yote hii sikatiwi pai kwenye sherehe za kanisa," alisema.

"Nitakuokea ya viazi vitamu."

"Mbili. Na sahihi sitii."

Ijumaa alasiri gari lenye vumbi la safari lilisimama mbele ya nyumba yetu. Mjomba Curtis alishuka bila kusalimia sana, akakaa kwenye ngazi, akaisoma fomu mara mbili, ukurasa kwa ukurasa.

"Ardhi inabaki yetu?" aliniuliza mimi, si Bibi.

"Inabaki yenu, Mjomba. Kinachohama ni mpaka tu."

Alitia sahihi mbele ya Bi Haskins zikiwa zimebaki dakika kumi. Mwezi wa tano, baada ya mhandisi kulalamika kwamba mabomba yatakula zaidi ya kodi yetu ya miaka mingi, madiwani walipiga kura. Watano walikubali, wawili walikataa. Pinder hakuna aliyeshangilia. Watu walikaa tu vitini, kama waliotua mzigo na bado hawajaamini.

Mabomba yalifika baada ya miezi kumi na minne, na muda wote huo niliendelea kuchota. Siku maji yalipotoka jikoni, Bibi alijaza glasi akampa Micah kwanza, kisha mimi. Yeye alikunywa wa mwisho, polepole.

"Jina la mtu ni mlango wa nyumba yake," alisema. "Hata awe mwanao, unabisha hodi. Na ukikosea, sema mapema. Wewe ulikaa na kosa lako siku moja, likatugharimu wiki. Mimi nilikaa na langu, likakua sawa na wewe."

Nilikwenda kuyachukua madumu ili niyatupe. Bibi alikataa. Aliyaosha, akayaweka juu ya kabati la jikoni, mahali ambapo angeyaona kila anapofungua bomba.