Mama Wulan na Ndege ya Bei Nafuu

Kila alfajiri Katinah huwasha moto na kukaanga karanga. Huzisaga pamoja na pilipili na sukari guru. Jua likichomoza, wateja wamekwisha kupanga foleni wakitaka wali wake na mboga zilizomwagiwa mchuzi huo wa karanga. Anawafungia kwenye jani pana la mti wa msaji. Mtaani kwao, nje kidogo ya mji wa Ponorogo, wanamwita Mama Wulan.

Asubuhi moja simu ililia mikono yake ikiwa imejaa karanga. Alikuwa Wulan, mwanawe wa pekee. Wulan anafanya kazi Hong Kong, nyumbani kwa bibi mmoja mzee. Anampikia, anamwogesha, anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Ni mwaka wa sita sasa.

"Mama, nimefaulu," Wulan alisema. "Yale masomo yangu ya Jumapili yamekwisha. Wananipa shahada."

"Ya chuo kikuu?"

"Ya chuo kikuu, mama. Mahafali ni mwezi wa kumi, hukuhuku Hong Kong. Tutavaa majoho."

Katinah alikaa chini kwenye vumbi. Mteja mmoja akashtuka. "Vipi, Mama Wulan, kuna msiba?"

"Msiba nenda nao kwenu!" Katinah alilia na kucheka kwa pamoja. "Mwanangu msomi!" Kisha akarudi kwenye simu. "Nakuja."

"Usije, mama. Nauli ni kubwa. Nitakutumia picha."

"Picha za nini? Nina macho."

Siku hiyohiyo alikwenda mjini kwa wakala wa tiketi. Alirudi kachoka. Ndege ya moja kwa moja, kwenda na kurudi, bei yake ilikuwa kama ya ndama.

"Kwa bei hiyo tununue ndama, tumvishe joho," alisema Saimun, mumewe.

"Wewe cheka tu. Wakala ana njia nyingine, rahisi zaidi. Tiketi mbili. Moja ya kufika Kuala Lumpur, na nyingine ya kutoka hapo hadi Hong Kong. Nabadilisha ndege. Kesho napeleka fedha."

Lakini usiku alianza kuwa na wasiwasi. Hajapata kupanda ndege hata siku moja. Kulipokucha, kabla ya kwenda mjini, alivuka njia hadi kwa Lastri. Lastri ni fundi cherehani sasa, lakini zamani alifanya kazi Hong Kong miaka kumi na miwili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kubadilisha ndege si kosa, dada," Lastri alisema. "Kosa ni tiketi zisizojuana."

"Zisizojuana vipi?"

"Hii imekatwa peke yake, na hii peke yake. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji. Haina habari nawe. Na mzigo wako utashushwa Kuala Lumpur. Utatoka nao nje, upite uhamiaji, upange foleni upya kama mtu anayeanza safari. Amekupa muda gani wa kubadilisha?"

"Saa moja na nusu."

"Itakutosha?"

"Haitoshi hata kutafuta choo!"

"Umesema mwenyewe. Mwenzangu mmoja aliachwa hivyo. Alilala kwenye benchi, kisha akanunua tiketi ya siku hiyohiyo kwa bei ya kukata roho. Rahisi ikamgeukia ghali."

Lastri alitoa simu yake. Saimun naye alikuwa amevuka njia, eti anaazima nyundo. Wote watatu waliinama juu ya simu.

"Tazameni," Lastri alisema. "Mashirika ya ndege ya bei nafuu yamefanya Kuala Lumpur kuwa stendi yao. Yanatoka kila upande na kukutana pale. Ndiyo maana kupitia huko ni rahisi. Sasa naweka Ijumaa. Mnaona bei? Naweka Jumanne."

"Imeshuka!" Katinah alisema.

"Ijumaa kila mtu anasafiri. Na huu ni mwezi wa saba, bado ni mapema. Ungengoja mwezi wa tisa, ungeona moto. Sasa tunaingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Tunakata safari yote kwa tiketi moja. Ndege mbili, tiketi moja. Mzigo unakwenda wenyewe hadi Hong Kong. Katikati tunachagua muda wa kutosha, saa nne. Ya kwanza ikichelewa, kukufikisha ni mzigo wao, si wako."

Saimun alipiga hesabu kichwani. "Ndama kawa mbuzi wawili!"

"Ngoja kwanza, shemeji. Bei hii ni ya mtu na kiti chake. Chakula unalipia. Mkononi ni kilo saba tu. Ukitaka begi la kupakia chini, lilipie kabla hujaenda uwanjani. Ukilipia kule, watakukamua."

"Mimi sina mzigo," Katinah alisema. "Nguo mbili na blauzi yangu ya sherehe."

"Haya. Na viza?"

"Viza ya Hong Kong?"

"Na ya Malaysia. Nchi ya kupitia nayo ni nchi. Sisi tunaingia kote bila viza kwa siku chache, lakini uliza kila unaposafiri, maana sheria hubadilika. Na jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Jina lako ni moja, na shirika hili linataka mawili. Kwa hiyo tunaandika Katinah Katinah."

"Kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto," Saimun alisema. Mkewe akampiga kofi la mgongo.

Tiketi ikakatwa, miezi ikapita, siku ya kuondoka ikakaribia. Wulan aliambiwa, akalia kwenye simu. Kisha, jioni ya mwisho, majirani wakaanza kuja.

Katika mtaa ule, nyumba kwa nyumba, kuna binti aliyeko Hong Kong. Mtu akisafiri, anapewa vitu awapelekee. Ndivyo ilivyo. Na kukataa ni kama kumfungia mtu mlango.

"Kidogo tu, Mama Wulan," alisema wa kwanza, akiweka mfuko wa karanga za kusaga.

"Kidogo tu," alisema wa pili, na debe la kaukau.

Wa tatu alileta mayai ya bata ya chumvi. Wa nne, wa tano. Katinah alitabasamu, akasema "karibu, weka hapo." Wanawake hawa walimvunia mpunga mwaka ule Saimun alipougua. Angewaambiaje hapana?

Mwisho alikuja mwanamume na pikipiki. Hakuwa wa mtaa huo. Alishika kopo lililozungushiwa utepe wa gundi juu hadi chini.

"Majani ya chai, mama. Kuna kijana atakupokea Kuala Lumpur."

Katinah alilipokea. Kukataa aliona haya. Akamkaribisha kiti, akampa kahawa.

Lastri alifika na mzani wake. Alipima, akapima tena, akaguna.

"Dada, hii ni ng'ombe mzima. Ukifika na rundo hili uwanjani, ile nafuu yako yote imeliwa." Kisha akashika lile kopo. Sauti yake ikashuka. "Hili umelifungua?"

"Nitafunguaje mzigo wa mtu? Aibu."

"Aibu ni ya jioni moja. Unapita milango ya nchi tatu. Wakikuta kitu kibaya kwenye begi lako, ni chako. Hawatauliza nani alikupa. Wulan atavaa joho, na wewe utakuwa jela. Au wakunyonge, usiuone mtaa wetu tena."

 Akilini Katinah alimwona Wulan akitazama mlango wa ukumbi, akingoja. Basi alikwenda akatandika mkeka uani, akapaza sauti.

"Jamani, wanenu ni wanangu, nitawapelekea. Lakini kila mtu afungue chake hapa, mbele ya wote. Nitapakia nilichokiona kwa macho yangu. Na kilo zina bei. Tulipie begi moja kwa pamoja, usiku huu, kwa simu ya Lastri."

 Yule wa kaukau akafungua debe lake. "Mbona hilo ni jambo la haki? Fungueni!"

Wakafungua wote. Mayai yalirudi nyumbani, maana Hong Kong hawayaruhusu bila kibali. Kila mmoja akachangia kidogo.

"Changu kisifunguliwe," alisema mwenye pikipiki. "Kitapoteza harufu."

"Basi kakinywee kwenu," alisema Katinah.

Mtu yule alichukua kopo, akawasha pikipiki, hakuaga. Labda yalikuwa majani ya chai kweli. Lakini mwenye majani ya chai haogopi kisu cha kufungulia.

Jumanne Katinah alipanda ndege katika jiji la Surabaya. Iliondoka ikiwa imechelewa saa mbili nzima. Ile tiketi ya wakala ingekuwa karatasi tupu. Yeye alishuka Kuala Lumpur, akafuata vibao vya abiria wanaounganisha ndege, akauliza mara tatu, akauliza mara ya nne. Muda ulibaki wa kula wali wake. Begi alilikuta Hong Kong, likizunguka taratibu kwenye mkanda wa mizigo pamoja na ya matajiri.

Jumapili ukumbi ulijaa mabinti wenye majoho meusi. Jana yake walikuwa wakisugua sakafu za watu. Wazazi waliofika walikuwa wachache, wa kuhesabika. Walipoombwa kusimama, Katinah alisimama na blauzi yake ya sherehe, na mabinti wa mtaa wake wakapiga vigelegele kama yeye ni mama yao wote. Wulan alipita mbele, jina lake likasomwa. Katinah hakupiga picha. Alitazama tu.

Nje, mama mmoja wa nchi yao, aliyeishi mjini humo, alimsogelea. "Umetoka mbali, mwenzangu. Nani kakuleta?"

"Nimejileta," Katinah alisema. "Nilibadilisha ndege Kuala Lumpur."

"Mama," Wulan alimnong'oneza huku akicheka, "huyu ni mtu wa tano unamwambia."

Katinah alirekebisha kofia ya mwanawe kichwani, kisha akamgeukia mtu wa sita.