Mbuzi wa Kuchelewa

Siku hiyo nyumba ya Mzee Dedan pale mtaani Mbotela haikukalika kwa shangwe. Kesho yake familia ilikuwa inakwenda Murang'a kupeleka ruracio, yaani mahari, kwa kina Tiffany, mchumba wa mwanawe mkubwa, Sydney. Mama Wanja, mke wa mzee, alipiga pasi huku akiimba. Majirani waliingia na kutoka, huyu na viatu vya kuazimisha, yule na kikapu cha kiondo.

Mzee Dedan ana bucha Soko la Burma. Mtu wa bucha huamka mapema, na hutaka dunia nzima iamke naye.

"Gari linaondoka alfajiri," alitangaza. "Nani anataka tutozwe mbuzi?"

Wote walicheka. Desturi waliijua. Wageni wa ruracio wakichelewa, wenyeji huwafungia lango na kuwatoza mbuzi wa faini.

Maina, mdogo wake Sydney, hakucheka.

"Buda, mimi wacha nibaki," alimwambia baba yake. "Kliniki inafunguliwa saa moja."

Zamani Maina alikuwa akijidunga heroini. Sindano zilimwachia vidonda mikononi, na alikuwa akilala nje. Sasa anakunywa dawa ya methadoni kliniki kila asubuhi, bila malipo. Amenenepa, na anafanya kazi na baba yake buchani.

"Siku moja haitakuua," alisema Mzee Dedan. "Iruke kesho, unywe Jumapili. Nataka wanangu wote wawili wasimame pale."

Maina alitamani sana kwenda. Hakuwahi kuitwa kwenye sherehe kwa miaka mingi. "Sawa," alijibu polepole. "Nitairuka."

Jirani yao Wacuka, mhudumu wa afya ya jamii, aliweka kiondo chini.

"Baba Sydney, wewe una presha. Utaruka dawa yako kesho kwa sababu ya sherehe?"

"Hapana. Lakini presha ni ugonjwa."

"Uraibu nao ni ugonjwa. Methadoni hutuliza mwili usidai heroini. Maina akiiruka, kesho jioni mwili utaanza kumuuma. Atatoka jasho, ataharisha, hatalala. Hapo mtu hushika sindano yoyote, hata ya mwenzake. Sindano ya kutumia pamoja huleta virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Na heroini juu ya methadoni inaweza kumkatisha pumzi."



"Basi wampe dawa kwenye chupa abebe," alisema Mzee Dedan.

"Hiyo huamuliwa na kliniki, na tungeuliza mapema. Kwa sasa anakunywa mbele ya nesi. Na wewe Maina, huko usiguse muratina. Pombe na methadoni ni hatari."

"Mimi ni soda tu, auntie."

Mama Wanja aliweka pasi pembeni. "Baba Sydney, kwani gari haliwezi kusubiri?"

"Watatutoza mbuzi."

"Watutoze."

Asubuhi, saa moja, familia nzima ilisimama nje ya kliniki ikiwa imevaa vizuri. Mzee Dedan alikuwa hajawahi kufika hapo. Aliona aibu, kisha akaona watu kwenye foleni, watoto wa watu kama wake, na aibu ikamtoka. Maina aliingia. Alipotoka akijifuta mdomo, kina mama walipiga vigelegele, na nesi akachungulia dirishani akicheka.

Murang'a walikuta lango limefungwa. Waliimba wakiomba kufunguliwa mpaka sauti zikakauka.

"Mbona mmechelewa?" mzee mmoja aliuliza kutoka ndani.

Mzee Dedan angeweza kusingizia barabara. Alimshika Maina begani.

"Tulikuwa tunamsubiri mwanangu," alisema.

"Faini ni mbuzi mmoja."

"Nitalipa. Mimi ni mtu wa bucha, nimenunua mbuzi wengi. Mbuzi huyu ndiye wa bei rahisi kuliko wote."

Lango likafunguliwa. Mzee Dedan aliingia akiimba, mwana mmoja kila upande.