Rangi ya Kona Haikauki

Jirani yetu mwenye jumba la sanaa tulimwita Jicho, na jina lilimkaa sawasawa. Mchoraji bado hajulikani hata na ndugu zake, yeye ameshamwona. Kila wiki alizunguka vyumba vya wachoraji akiwa na binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Hakuwa na mtoto mwingine. Na mtoto mwenyewe mdomo huo! "Shangazi," alikuwa akimwambia, "siku ukifa nitakutundika ukutani uendelee kukosoa watu." Wakacheka, wakafunga mlango, wakaenda.

Asubuhi hiyo walikwenda kwa mchoraji mpya, mama mmoja mkimya aliyepanga chumba juu ya duka la vioo. Jua lilikuwa limewaka, mafundi huko chini wanataniana. Hakukuwa na cha kutisha hata chembe.

Alichora vyumba vitupu. Ukumbi, varanda, jiko lenye sinki na dirisha. Vizuri mno! Mbele ya picha ya jiko, Jicho alihisi kabisa harufu ya vyombo vilivyooshwa sasa hivi.

"Mbona huweki watu?"

"Siwezi watu, dada," mchoraji alijibu kwa sauti ndogo.

Lakini binti alikuwa ameshageuza picha moja kati ya zile zilizoelekezwa ukutani. Chumba cha kulala, na mwanamume amekaa kitandani, amewapa mgongo. Kila unywele upo. Shati limelowa jasho.

"Na huyu je?" binti akauliza.

"Huyo sikumchora mimi."

Jicho akacheka. Wasanii bwana, kila mmoja na wazimu wake! Moyoni alikuwa anaruka kwa furaha. Alitaka picha ya jiko aondoke nayo siku hiyohiyo, kabla wenye majumba mengine hawajanusa.

"Bado mbichi," mchoraji akasema. "Isiguswe na mkono wa mtu." Akatoka kwenda kuepua gundi yake motoni.

Sasa Jicho alikuwa na mazoea yake. Rangi ya mafuta huwezi kujua kwa macho kama imekauka, lazima uibonyeze kidogo pembeni. Yeye alikuwa ameinyanyua picha kwa mikono miwili, amegeukia dirishani apate mwanga. Akamnong'oneza mwanawe:

"Bonyeza hapo kwenye kona. Haraka, kabla hajarudi."

Binti akabonyeza kwa kidole gumba.

"Shangazi, ni ya moto."

Fremu ikawa nzito. Nzito ghafla, nusura imponyoke. Jicho akageuka amwambie mwenzake ashike upande wa pili. Hakuna mtu. Kiatu kimoja tu sakafuni. Akaita. Chini mafundi bado wanacheka. Akaitazama picha.

Kwenye sinki alikuwa amesimama msichana, amempa mgongo. Sweta la bluu. Nywele alizosukwa na shangazi yake jana, msuko mmoja umefumuka. Mguu mmoja hauna kiatu.

Mchoraji akarudi, akaona, akakaa chini palepale.

"Nilikwambia isiguswe."

"Mtoe! Mtoe mwanangu!"

"Ningejua kumtoa mtu, dada," alinong'ona, akimtazama yule wa kitandani, "ningeanza na mume wangu."

Picha ile ipo ofisini kwa Jicho na haiuzwi. Amebonyeza kona ile kwa vidole vyote, kwa kiganja, kwa paji la uso, akilia yeye naye achukuliwe. Wapi! Chumba kimeshapata mtu wake. Binti hageuki, na rangi ya kona haikauki.

Juzi tulikwenda kumjulia hali. Amekonda, masikini, amebaki macho tu. Akatusogeza mpaka kwenye picha, akatuonyesha kwa kidevu. Alama ya kidole gumba, iliyokuwa imezama ndani siku ile, sasa imevimba kuja nje. Na haikuwa peke yake. Zilikuwa zimefuatana ukingoni, juu, pembeni, chini, zimezunguka picha nzima, zote mbichi.

"Kila asubuhi nakuta mpya," alinong'ona. "Anatafuta pa kutokea. Na mimi ndiye niliyemwambia abonyeze."

Tukaaga. Mlangoni nikageuka kumtazama mara ya mwisho. Kwenye kioo cha dirisha la ofisi, upande wa ndani, palikuwa na alama moja ya kidole gumba, ya rangi. Ilikuwa bado inachuruzika.